Maabara Iliyo Mkobani: Mashine Rahisi katika Vifaa vya Mwanafunzi

(Mhadhara uliotolewa Lokichoggio mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi. Unachapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa majaribio yaliyofanywa mezani, ambayo hapa yameelezwa kwa maneno.)

Wapo miongoni mwenu waliotoka Kakuma, mwendo wa kilomita 95 hivi, na wapo waliotoka Lodwar, ambako ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Joto la leo kila mmoja analijua. Nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi kina mama waliofunga maduka yao mapema ili waketi nasi.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mtoto wa Lokichoggio anayekwenda shule na rula, penseli, kichongeo, mkasi na chupa ya maji amebeba mgongoni maabara nzima ya mekanika, na kwamba kwa miaka mingi tumemfundisha somo hilo maabara yake ikiwa imefungwa zipu. Nimekuwa mwalimu wa sayansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Lawama hii ni yangu pia.

Tukubaliane kwanza juu ya neno lenyewe. Mashine, kwa maana ya sayansi, si lazima iwe na injini wala waya wa umeme. Ni chombo chochote kinachobadilisha nguvu: ukubwa wake, upande inakoelekea, au mahali inapofanyia kazi. Mashine rahisi zinahesabiwa sita: wenzo, gurudumu na ekseli yake, kapi, mteremko, kabari na parafujo. Heron wa Aleksandria aliandika juu ya tano kati ya hizo yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mteremko uliingizwa katika orodha baadaye sana. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuwatajia zote sita bila kupumua. Mpe kichongeo umwulize mashine iko wapi humo, atakutazama usoni asubiri umwambie.

Hoja ya kwanza: hakuna mashine inayotoa kitu bure, na rula inaweza kulithibitisha hilo leo hii

Nina rula ya sentimita 30. Nailaza penseli mezani, na ni vizuri iwe ile yenye pembe sita kwa kuwa haibingiriki, kisha naiweka rula juu yake kwenye alama ya 15. Rula imelala sawa. Sasa naweka sarafu mbili za shilingi tano, moja juu ya nyingine, kwenye alama ya 10. Upande huo unashuka. Nachukua sarafu ya tatu ya shilingi tano naiweka upande wa pili kwenye alama ya 25. Tazameni. Rula imerudi kulala sawa, sarafu moja ikibeba mbili.

Sarafu mbili ziko sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, yaani pale penseli ilipo. Mbili mara tano ni kumi. Sarafu moja iko sentimita 10. Moja mara kumi ni kumi. Hiyo ndiyo sheria yote ya wenzo, na haikuhitaji kitu chochote kutoka Nairobi. (Naona kijana pale anataka kujua itakuwaje akiweka tatu. Njoo uziweke, mwanangu. Zisogeze polepole mpaka ilale sawa, kisha utusomee namba.)

Amesoma: sentimita tatu na kidogo kutoka kwenye egemeo. Tatu mara tatu na theluthi ni kumi. Hakukokotoa, alisogeza tu mkono wake mpaka rula ikatulia, na namba ikaja yenyewe.

Lakini nataka muone jambo la pili, ambalo vitabu hulipita haraka. Nikiibonyeza sarafu moja ishuke sentimita 2, zile mbili zinapanda sentimita 1 tu. Nimenyanyua mzigo mara mbili ya nguvu yangu, nikalipa kwa mwendo mara mbili. Galileo aliandika juu ya hili yapata mwaka 1600. Aliwakemea mafundi wa zama zake waliodhani kwamba kwa mashine wanaweza kuihadaa tabia ya maumbile, wapate kazi kubwa kwa kutoa kidogo. Mashine hubadilishana nawe: inakupa nguvu, inakudai mwendo, au inakupa mwendo, inakudai nguvu. Ningependa mtoto atoke darasani akiwa ameshika swali hili moja mkononi: hapa nimepewa nini, na nimelipa nini?

Akiwa nalo, mkasi unaanza kusema. Mpeni mtoto kipande cha boksi gumu akate kwa ncha za mkasi. Atakunja uso. Akilisogeza boksi ndani, karibu na ile pini inayounganisha pande mbili za mkasi, litakatika, kwa sababu mzigo umesogea karibu na egemeo. Kisha mpelekeni kwa fundi bati atazame mkasi wake: mikono mirefu, midomo mifupi. Halafu kwa fundi cherehani: midomo mirefu, kwa kuwa kitambaa hakisumbui na anachotaka yeye ni mwendo. Aliyechora mikasi hiyo miwili alijibu swali lile lile mara mbili.

Steplaa ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, maana imewahi kuwagombanisha walimu mbele yangu. Mmoja alisema ni wenzo wa daraja la pili, mwingine akasema la tatu, na kila mmoja alikuwa na kitabu chake. Bawaba, yaani egemeo, iko nyuma. Pini hutokea mbele, na huko ndiko mzigo uliko. Sasa, wewe unabonyeza wapi? Ukibonyeza katikati, nguvu yako iko kati ya egemeo na mzigo: ni daraja la tatu, na utaona ni kazi kupita karatasi kumi. Ukibonyeza kwa kiganja mbele kabisa, kwenye ncha inayopita pale pini inapotokea, nguvu imeuvuka mzigo na umeingia daraja la pili. Chombo ni kile kile. Mtihani unataka jibu moja, lakini chombo kina mawili, na mtoto aliyejaribu kubonyeza mahali pote pawili anajua zaidi ya aliyekariri lolote kati ya hayo.

Maarifa haya hayakuanzia shuleni. Kila binti hapa aliyewahi kupiga pampu ya mkono kisimani anajua kwamba hushiki mpini katikati, unashika mwishoni. Mwili unajua. Kazi ya mwalimu ni kuupa mwili maneno.

Hoja ya pili: kabari ni mali ya nchi hii

Nilipokuwa darasa la nne tulisomea chini ya mti, na kichongeo tulikiona kwa mwalimu tu. Sisi tulichonga kwa wembe. Wembe mmoja wenye makali pande mbili ulivunjwa kwa urefu ukawa vipande viwili, na kila kipande kilizunguka kwa wanafunzi wengi mpaka kikawa butu. Siku moja nilipata kipande kilichokwisha makali. Nilisukuma, mbao haikukubali, nikasukuma zaidi, na ghafla kikateleza. Alama iko hapa kwenye kidole gumba, mnaoketi mbele mnaiona. Mwalimu aliniambia nimekuwa mzembe. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba wembe mkali ungenitendea wema kuliko ule butu.

Kabari ni kitu chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine. Ukiusukuma upande mnene, ule mwembamba unaingia ndani ya kitu na kukisukuma pande mbili. Kadiri kabari ilivyo nyembamba na ndefu, ndivyo nguvu ndogo ya mkono inavyogeuka kuwa nguvu kubwa ya kupasua. Wembe ukiwa butu, ile ncha nyembamba haipo tena. Unalipa kwa mkono wako chote ulichokuwa ukipewa na umbo. Na mkono unaosukuma kwa nguvu kubwa, kizuizi kikiondoka ghafla, hauna pa kusimama.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa ninyi vijana. Mwaka 2011, ndani ya kaunti yetu hii, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, watafiti wakiongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis walikosea njia katika makorongo ya Lomekwi. Wakapanda kutazama mahali wasipokusudia, na kwa msaada wa mwenyeji Mturkana wakaona mawe yaliyogongwa kwa makusudi yakatoa makali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature. Umri wa mawe hayo ni miaka milioni 3.3, na wakati yanatangazwa yaliyatangulia kwa miaka 700,000 hivi yale ya Gona nchini Ethiopia, yaliyokuwa yakihesabiwa ya kale kuliko yote. Yaani kabari ya kale kabisa inayojulikana duniani ilitengenezwa hapa. Aliyeishika hakuwa hata binadamu wa namna yetu. Alikuwa na jiwe, kitu cha kugongea, na haja ya kupasua kitu.

Na Kokiselei, upande huo huo wa ziwa, zilipatikana shoka za mkono za miaka milioni 1.76, zilizochongwa pande zote mbili mpaka zikapata ncha. Anayetaka kuona uzi huo ukiendelea amwangalie mzee aliyevaa abarait kwenye kifundo cha mkono: bangili ya chuma yenye makali upande wa nje, iliyofunikwa kwa ngozi mpaka siku ya kukata nyama. Wahunzi walioifua walijua unene unapaswa kuishia wapi na wembamba uanzie wapi.

Kisha chukua kichongeo cha shilingi chache. Kigeuze. Kuna wembe mdogo uliofungwa kwa parafujo moja juu ya tundu lenye umbo la pia. Tundu linaishika penseli kwa pembe ile ile kila mara, na hicho ndicho kitu ambacho mkono wangu wa darasa la nne haukuweza kukifanya. Wembe hausukumwi ndani ya mbao; penseli ndiyo inayozungushwa, na mbao inajileta kwenye makali kidogo kidogo, ganda likitoka limejikunja mfululizo kama ua. Ganda likitoka vipandevipande, wembe umechoka. Ifungueni ile parafujo, mgeuze wembe, mtumie ukingo wa pili kama upo. Watoto wengi hawajui kwamba kichongeo hufunguliwa. Tunawanunulia kingine.

Kwa hiyo mtu akimwambia mtoto wa Turkana kwamba mashine ni mambo ya kuletewa, mtoto huyo awe na la kumjibu.

Hoja ya tatu: parafujo ni mteremko uliozungushwa

Hii nitaionyesha kwa karatasi. Nakata pembetatu yenye pembe mraba kutoka kwenye daftari. Ule ukingo ulioinama naupaka wino wa biro. Naanzia na ubavu uliosimama wima, naviringisha karatasi kwenye penseli. Mnaona mstari wa wino unavyopanda ukizunguka? Hiyo ni parafujo. Mlima umekunjwa ukazungushiwa nguzo.

Na mteremko mnaufahamu. Kila aliyepakia lori katika mji huu anaufahamu. Kitanda cha lori kikiwa kimo cha mita 1, na ubao uliouegemeza una urefu wa mita 4, gunia la kilo 50 litakudai, ukiacha msuguano, nguvu ya kunyanyua kilo 12 na nusu. Umelipa nini? Umelisukuma mita 4 badala ya kulinyanyua mita 1.

Lokichoggio uliwahi kuuona mteremko mkubwa kuliko wa lori. Katika miaka iliyofuata 1989, ulipoanza ule mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupeleka misaada kusini mwa Sudan, ndege za Hercules ziliondoka katika uwanja wetu kwenda kudondosha chakula. Mlango wa nyuma wa ndege hizo ulishuka ukawa ubao wa kupakilia, hapo ni lori lile lile. Lakini fikirini juu ya mahali pa kudondoshea. Hapakuwa na watu wa kusukuma tani za nafaka nje. Rubani aliinua pua ya ndege, sakafu yote ikawa mteremko, na magunia yakateleza yenyewe yakatoka nyuma. Wazee wa hapa waliokuwa vibarua wa uwanjani waliyapanga magunia hayo, moja likivishwa ndani ya jingine ili likipasuka la nje, la ndani libaki na nafaka. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 mashirika mengi yalihamia upande wa pili wa mpaka, na kelele za injini zikapungua. Wale vibarua bado wako nasi. Sijawahi kusikia shule iliyomwalika hata mmoja wao aje kusimulia mteremko darasani.

Turudi mkobani. Chupa ya maji ya mtoto ina kifuniko kinachozunguka. Kifuniko cha kawaida kina mzingo wa sentimita 9 hivi, na kila mzunguko mmoja kinashuka milimita tatu hivi. Kidole kimetembea sentimita 9 ili kifuniko kisogee milimita 3. Ndiyo maana mkono wa mtoto wa miaka sita unaweza kukikaza hadi baba yake ahangaike kukifungua. Gundi ile ya kijiti inayopanda ukizungusha kitako chake ni parafujo pia. Ile ndogo ya kichongeo inafunguliwa kwa bisibisi, na bisibisi ni mashine ya gurudumu na ekseli: mpini mnene, shina jembamba. Asiye na bisibisi hutumia ncha ya kisu, na parafujo humchosha, kwa kuwa hana gurudumu. Juu ya gurudumu sitakaa zaidi ya hapo. Ninyi ni watu wa bodaboda na mikokoteni, hamhitaji mhadhara.

Hoja ya nne: kapi, na sanduku lililofungwa

Katika shule moja niliyofundisha nikiwa kijana, shule ambayo sitaitaja, kulikuwa na sanduku la vifaa vya sayansi. Lilikuwa la mbao nzuri, lina kufuli, na ufunguo ulikaa mahali pamoja na fedha za shule. Ndani yake mlikuwa na kapi mbili za shaba. Nilizionyeshwa siku nilipofika na nikazionyeshwa tena wakaguzi walipokuja. Kati ya siku hizo mbili nilifundisha somo la kapi mara tatu kwa kuchora duara na mstari ubaoni. Nilipoondoka, shaba ilikuwa inang'aa. Mfereji wa lile gurudumu haukuwa na hata alama ya kamba.

Na muda wote huo, hatua thelathini kutoka darasani, kapi nyingine ilikuwa juu ya mlingoti wa bendera, ikifanya kazi kila Jumatatu na kila Ijumaa mbele ya shule nzima. Sikuiona. Nilisimama chini yake nikiimba wimbo wa taifa nisiione. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kufuli ya sanduku haikuwa yangu, lakini macho yalikuwa yangu.

Kapi ya mlingoti haipunguzi nguvu. Waulizeni wanafunzi, wengi watasema inapunguza, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mashine hurahisisha kazi na wamelishika neno hilo hivyo. Bendera ikiwa na uzito fulani, unavuta uzito huo huo. Kinachobadilika ni upande: unavuta chini, bendera inapanda juu. Bila kapi angelazimika mtu kuupanda mlingoti. Ukitaka kapi ipunguze nguvu, lazima moja isafiri pamoja na mzigo. Hapo kamba mbili zinaubeba, wewe unavuta nusu, na unavuta kamba mara mbili ya urefu. Malipo ni yale yale. Mabaharia wa Lamu, ambao neno hili kapi ni la chomboni kwao, huipandisha foromali, ile boriti inayoshika tanga, pamoja na tanga lake zito kwa kamba iitwayo henza inayopita kwenye kapi, na hakuna baharia asiyejua kwamba kamba inayomrahisishia ndiyo inayojaa miguuni pake.

Hoja ya tano: msuguano si mkosaji

Vitabu huuweka msuguano mwishoni, kama taka inayobaki baada ya hesabu kukamilika. Mimi ningeuweka mbele. Mtoto apange madaftari kimo cha sentimita 10, aegemeze rula yake ya sentimita 30, na avute kikopo kidogo juu ya rula kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo ndio mizani yake: unavyonyumbuka zaidi, ndivyo nguvu ilivyo kubwa. Akikinyanyua kikopo wima mkanda unanyumbuka sana. Akikivuta kwenye rula unanyumbuka kidogo. Hesabu inasema theluthi. Atapata zaidi ya theluthi. Hapo mwalimu mwoga husema jaribio limeharibika. Halikuharibika. Mtoto amepima kitu halisi, na tofauti kati ya hesabu na kipimo chake ina jina.

Zipu ya mkoba inalieleza jambo hilo vizuri kuliko mimi. Ifungueni nusu mtazame kile kitelezi kwa karibu. Ndani yake kuna kabari katikati, inayoyatenganisha meno mnapofungua, na kuta mbili zilizoinama zinazoyabana yaumane mnapofunga. Ni kabari tatu ndani ya kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Vumbi la Lokichoggio likiingia humo, kabari zinakwama, mtoto anavuta kwa hasira, na jino moja linang'oka. Wazazi, mmenunua mikoba mingapi kwa sababu hiyo? Chukueni penseli, msugue risasi yake kwenye meno ya zipu pande zote mbili, kisha mpandishe na kushusha kitelezi polepole mara tano. Risasi ya penseli si risasi kwa kweli, ni grafiti, na tabaka zake huteleza zenyewe kwa zenyewe. Zipu itakubali. Nimeileta moja iliyokuwa imegoma, iko pale mezani, ijaribuni kabla na baada.

Yapo maswali ambayo najua yatakuja, na niyajibu kabla hayajaniangukia. Wazazi wamechoka na orodha za vifaa tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Kila wiki mtoto anarudi na kitu cha kununuliwa. Wana haki ya kuchoka. Katika yote niliyosema leo hakuna kipya cha kununua, na kile kipande cha penseli kilichobaki kifupi kama kidole, ambacho watoto hukichomeka kwenye ganda la biro ili kishikike, nacho ni funzo la wenzo: wamerefusha mpini.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kuhusu nyembe. Namwambia hivi: mtoto wa darasa la kwanza asipewe wembe. Mkubwa apewe kichongeo chenye makali, si butu, na aoneshwe kwa nini.

Swali la lugha ndilo zito. Katika darasa moja la Kakuma utakuta mtoto wa Kiturkana, wa Kidinka, wa Kinuer na wa Kisomali, na wote wanaulizwa mashine kwa Kiingereza. Mimi nasema mtoto aruhusiwe kwanza kukionyesha kitu kwa mkono, kisha akitaje kwa lugha aliyonayo, kisha ndipo tumpe neno la kitabuni. Mtoto aliyeisawazisha rula kwa sarafu tatu leo hakutamka neno hata moja, na nyote mliona kwamba ameelewa.

Sasa la mbele. Nimezungumza na baadhi ya walimu wenzangu waliopo hapa, nao wamekubali kwamba muhula ujao kila shule itenge Ijumaa moja asubuhi ambapo hakuna daftari litakalofunguliwa. Mikoba itamwagwa juu ya madawati, na kila kundi litajibu juu ya kila kitu swali lile: umepewa nini, na umelipa nini. Wale wazee waliopanga magunia uwanjani tutawaomba waje siku hiyo, na wenye abarait waje nazo. Shule zenye sanduku lenye kufuli, nawasihi, ufunguo utoke.

Na lipo jambo dogo halihitaji kusubiri muhula. Wengi wenu mmeona kwamba bendera ya shule iliyo ng'ambo ya laga, yaani mto mkavu, imekuwa ikiishia chini ya kilele. Kapi ya juu imeshika kutu, haizunguki, na kamba imekuwa ikijisugua juu ya chuma kilichosimama hadi imebaki nyuzi chache. Wasichana watano wa darasa la sita wameomba waitengeneze wenyewe. Wameshapima urefu wa mlingoti kwa kivuli chake na rula, wameshahesabu kamba inayotakiwa, ambayo ni mara mbili ya mlingoti na ziada ya fundo, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameitoa. Mlingoti utalazwa Jumamosi hii saa moja asubuhi, jua halijakaza. Tunahitaji watu wanne wenye mikono yenye nguvu na mtaimbo mmoja wa kung'olea. Mwenye mtaimbo mrefu anione kabla hajaondoka.